Kengele Tatu kwa Aliye Hai

Katika watu wote niliowahi kuwajua Ifakara, ni mmoja tu ambaye alikuwa hali wali. Mgonjwa wa sukari namwelewa, daktari kamkataza. Mtoto mkaidi namwelewa pia. Lakini mtu mzima, mwenye meno yake na afya yake, anakaa mji ambao mpunga unaanikwa mpaka mlangoni kwako, ukimtengea sahani anasema ahsante nimeshiba, halafu nusu saa baadaye unamkuta kwa mama ntilie anamega ugali kwa kambale. Huyo sikumwelewa. Na mimi kitu nikishindwa kukielewa hakiniachi. Mama yangu mdogo alikuwa akisema nilipozaliwa nilimuuliza mkunga kwao wapi.

Tulimwita Mzee wa Kengele. Jina lake lipo, ila yeye mwenyewe ukimwita kwa jina alikuwa anageuka nyuma kama vile ameitwa mwingine, basi watu wakaacha. Wengine walisema ni mtu wa Uchindile, kule mlimani, ndiyo maana wali haumpandi. Wengine wakasema ni mwiko wa kwao. Muuza mkaa mmoja wa Kibaoni aliapa kabisa kwamba mzee aliwahi kulishwa sumu kwenye pilau la harusi. Nilimuuliza mwenyewe siku moja anaziba pancha nje ya duka langu, maana mimi nina duka la vifaa vya shule na mashine ya kutolea kopi. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Hivi wali ulikukosea nini?"

"Marahaba," akasema. Akasugua tyubu kwa msasa, akapaka solusheni, akabandika kiraka. "Haujanikosea kitu. Mimi ndiye niliyeukosea."

Akawa amemaliza. Jibu hilo nilikaa nalo miaka.

Kazi yake ilikuwa matangazo. Alikuwa na baiskeli nyeusi ya zamani yenye breki za fito, kipaza sauti cha betri amekifunga mbele kwa mpira wa tyubu, na mkononi kengele ya shaba ya aina ile tuliyopigiwa shuleni wakati wa mapumziko. Ifakara ni tambarare, mtu mwenye baiskeli anaweza kuimaliza kabla chai haijachemka mara mbili. Yeye alianzia Lipangalala, akapita Mlabani, akashuka mpaka Mbasa, na kila kona alisimama, akashusha mguu mmoja, akagonga.

Na mji mzima ulijua hesabu yake. Kengele moja ni biashara au serikali: chanjo, mkutano, mechi, duka limeleta mabati. Kengele mbili ni shida: mtoto kapotea, ng'ombe hawaonekani, mgonjwa anahitaji damu. Kengele tatu ni msiba. Kabla ya zile tatu alikuwa anavua kofia, anaiweka kwenye kapu la baiskeli, hata kama mvua inanyesha.

Kengele ya tatu ikishalia, hapakuwa na mtu aliyesubiri hotuba. Ukisikia jina na mtaa inatosha. Wanawake wanafunga khanga, mwingine anapakua mchele kwenye ndoo, mwanamume anafunga mzigo wa kuni kwenye keria, na safari imeanza. Mazishi saa ngapi, marehemu kaumwa nini, hayo utayakuta hukohuko. Nilimwambia siku moja kwamba anajisumbua, watu hawafiki mwisho wa tangazo lake.

"Najua," akasema. "Kengele ndiyo inayoita. Maneno ni ya waliokwisha chelewa."

Ukienda kumpa tangazo la msiba alikuwa na tabia ya kuuliza swali moja ambalo liliwaudhi watu wengi: alipenda nini? Mtu amefiwa na baba yake tangu alfajiri, macho yamevimba, halafu anaulizwa baba yako alipenda nini. Lakini ukijibu, unasikia baadaye barabarani, "Mzee wetu aliyependa kusikiliza mpira redioni na kumzomea mtangazaji," na wewe uliyefiwa unacheka ukiwa unalia. Jirani yetu alipofiwa na mumewe, alisema alipenda ugomvi. Mzee wa Kengele akatangaza hivyohivyo: alipenda ugomvi. Msibani walijaa wote aliogombana nao.

Hakudanganya. Hilo mji mzima ulikuwa unajua. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimlipa atangaze kwamba mabati yamebaki machache, watu wawahi. Mzee akaomba aonyeshwe stoo. Akaingia, akatoka, akapanda baiskeli, akagonga kengele moja pale pale mbele ya duka: "Mabati yapo. Ni mengi. Msiwe na haraka." Yule mwenye duka alimfukuza na ufagio mpaka barabarani, na mzee akamrudishia hela yake kupitia kwangu kwa sababu alisema pale hawezi tena kukanyaga bila kutukanwa. Watu wa siasa walimwogopa. Wakimpa karatasi anaisoma kwanza kimya, anarudisha, anasema, "Hii mtafute kijana mwenye gari."

Sasa mtu mwenye sauti ya kujaza mitaa mitatu, ungemtarajia awe na maneno. Wapi. Bila kipaza sauti alinong'ona. Ilibidi umsogelee. Na kuomba kwa ajili yake mwenyewe hakuweza kabisa. Alikuwa anaomba damu kwa ajili ya watu asiowajua, lakini tairi lake likiisha upepo alikokota baiskeli kutoka Lumemo hadi kwake kwa miguu, akipita mbele ya mafundi wanne wenye pampu. Nilimsema sana kwa hilo.

Jambo jingine, mila za msiba alizijua kuliko wazee wa makanisani na misikitini. Hasa ile ya kuni. Hapa kwetu kitu kikishatoka nyumbani kwako kwenda msibani hakirudi. Iwe kuni, iwe mchele, iwe chumvi. Ukikirudisha umejiitia. Niliwahi kumwona mwanamume mmoja, mgeni aliyekuja kuajiriwa huku, anataka kurudi na mzigo wake wa kuni kwa sababu maziko yalikwisha na haukuguswa. Mzee wa Kengele alimshika mkono wa baiskeli, akamwambia kwa ule mnong'ono wake, "Kijana, ziache. Ukizirudisha unaondoka na msiba." Yule kijana akaziacha upesi na kamba yake.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani, nimeyaokota kipande kipande kama mtu anayeokota mpunga uliomwagika, na sikuyaunganisha. Mpaka mama mdogo alipougua.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Anakaa Mbasa, ambako wanamwita Mama Zawadi, analima mpunga, hana mume, ana mdomo. Alikaa na uvimbe kwenye titi la kushoto msimu mzima. Aliufunga kwa majani, akaufunga kwa vitambaa vya maombi, akapalilia, akavuna, akapeta, ndipo akaniambia. Nilimgombeza mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye akasema, "Ukimaliza, unipeleke hospitali."

Hospitali wakatoa kinyama, wakapima, wakatuita. Kansa. Daktari alikuwa binti mdogo, alizungumza nasi taratibu na kwa heshima. Akasema bado inawezekana, lakini isingoje. Inabidi aende Dar, apasuliwe, kisha dawa za dripu, kisha mionzi, miezi kadhaa, na tarehe ya kufika akatuandikia kwenye karatasi. Bima mama mdogo hana. Mtu wa mpunga bima anaisikia redioni. Hata yale ambayo hayalipiwi, kuna vipimo, kuna dawa, kuna nauli, kuna pa kulala na cha kula kwa mgonjwa na anayemuuguza. Nilitoka pale nimeshika ile karatasi kwa mikono miwili.

Tulikaa kikao, mimi na mjomba, kaka yao. Mjomba ni mtu mwema ila ana haya. Alitaka tuuze shamba kimya kimya. Mama mdogo akamwambia ukiuza shamba nikapona nitakula nini, aibu yako? Basi tukaanza kuomba, na kuomba ni shule. Tuliandika barua, mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri, nikatoa kopi dukani kwangu mpaka wino ukaisha. Ikasomwa kanisani. Nikaisambaza kwenye makundi ya simu, yale ya watu waliosoma pamoja na ya akina mama wa sokoni. Watu wakajibu. Wakaweka picha za mikono iliyoshikana ikiomba. Wakaandika pole sana dada, Mungu ni mwema. Wengine wakasema tungoje mavuno, wengine tungoje mwisho wa mwezi. Nilikuwa najiuliza, kwa udadisi kabisa maana hasira zilikuwa zimeshanichosha, hawa ni watu walewale? Mwezi uliopita kafa mtu mtaa wa tatu ambaye nusu ya mji haikumpenda, na watu wamejaza uwanja, magunia yamepangwa ukutani, wamelala pale siku tatu.

Tukamwendea Mzee wa Kengele. Alisikiliza, akaomba niyarudie maneno mara tatu kama kawaida yake, akauliza, "Anapenda nini?"

Mjomba akakasirika. "Mzee, dada yangu hajafa."

"Ndiyo maana nauliza anapenda nini. Angekufa ningeuliza alipenda."

"Anapenda kucheka watu," nikasema.

Akapita mji mzima na kengele mbili. Kutwa nzima. Jua lilikuwa kali, nilimwona akipita dukani shati limemganda mgongoni. Jioni mama mdogo aliketi uwanjani ametandika mkeka, amevaa gauni la kanisani, anangoja. Walikuja watu watatu. Mmoja alikuja kudai ungo wake.

Siku mbili baadaye Mzee wa Kengele alisimama dukani kwangu. Hakushuka kwenye baiskeli. Akauliza wamekuja wangapi, nikamwambia. Akauliza safari lini, nikamwambia Alhamisi ya wiki inayofuata, na nauli ya kwenda tu hatujaitimiza, achilia hayo mengine. Akatazama mikono yake. Kisha akaniuliza kitu ambacho nilidhani uzee umemwingia.

"Uwanja wa mama yako mdogo, unakaa watu wangapi?"

"Mzee, uwanja ni mkubwa. Watu ndio hakuna."

"Haya," akasema, akaondoka.

Jumamosi ile nilikuwa nimelala Mbasa kumsaidia kuanika mpunga wa mwisho. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndiyo linachomoza, mama mdogo anapeta mchele barazani, tukasikia kwa mbali kule Mlabani. Kengele. Ya pili. Ya tatu.

"Masikini," akasema mama mdogo. Akaweka ungo chini. "Nani tena?" Maneno yenyewe hayakutufikia, upepo ulikuwa unavuma kwenda kule. Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga mbili, ameshika kibaba cha mchele kwenye mfuko wa nailoni. "Jiandae. Wakipita watu tutawafuata, tutajua ni kwa nani."

Watu wakaja. Wa kwanza walitokea kwenye kona ya mashine ya kukoboa, wanawake kama kumi, mmoja ameshika kwa mikono miwili ndoo ya mchele kichwani, analia kabisa, nyuma yao baiskeli za kuni, nyuma ya baiskeli toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, imebeba viti vya plastiki na sufuria mbili za shughuli. Mama mdogo akatoka mpaka barabarani kuwapokea, na kibaba chake mkononi, na uso wake wa msiba.

"Poleni jamani," akawaambia. "Nani amekufa?"

Yule aliyekuwa analia alimtazama. Kilio kilikatika katikati. Ndoo ilimtoka kichwani, mchele ukatawanyika barabarani, na akakaa chini pale pale kwenye mchele. Waliokuwa nyuma wakagongana. Mwanamume mmoja mwenye kuni alishuka kwenye baiskeli na kuiacha ianguke. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeganda mlangoni na kitambaa changu cha kichwa nusu kimefungwa.

Mama mdogo ndiye aliyeelewa kwanza. Aliwatazama, akatazama kuni, akatazama sufuria, akatazama khanga zake mwenyewe. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika ubavu wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa unauma. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na ghafla hayakuwa tena machozi ya kucheka, nikamkimbilia.

"Mmekuja wengi," akasema. "Mmekuja wengi hivi kwa ajili yangu."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Uchuro. Huyu mzee ameleta uchuro. Ametutangazia mtu mzima kwamba amekufa. Wengine walitaka kuondoka. Watu waliendelea kufika, kutoka Viwanja Sitini, kutoka Katindiuka, kila aliyefika anaanza kulia anazibwa mdomo. Mwanamume wa kuni akainua baiskeli yake akaigeuza, na hapo ndipo bibi mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, akasimama katikati ya barabara.

"Unakwenda wapi na hizo kuni?"

"Nyumbani, bibi. Si hakuna msiba?"

"Zimetoka kwako zikiwa kuni za nini?"

Yule bwana akafikiri. "Za msiba."

"Basi zirudishe, nenda ukalale nazo. Sisi tutakuja kwako keshokutwa."

Alizishusha. Nakwambia alizishusha akazipanga vizuri ukutani. Na baada yake kila mtu akatazama alichobeba, na hakuna aliyethubutu kukirudisha. Mchele ukaingia. Maharage yakaingia. Bibi mwenyekiti akatandika khanga yake mlangoni kama inavyotandikwa siku zote, na rambirambi, au tuziite vyovyote, zikawekwa pale, na mama mdogo mwenyewe aliketi pembeni yake anapokea pole za kufa kwake. "Marehemu anashukuru," akawa anasema. Mpaka saa nne watu walikuwa wanacheka. Wakapika. Wakala. Wakaimba.

Mzee wa Kengele alifika wakati watu wanakula. Alisimama nje ya uzio wa mabua, kofia mkononi. Mwenyekiti wa mtaa akamfuata, amekasirika, kijiko bado kiko mkononi.

"Mzee, umetufanyia nini?"

"Nimetangaza," akasema. Ilibidi tusogee kumsikia. "Nimesema Mama Zawadi wa Mbasa, anayependa kucheka watu, anaumwa kansa, na Alhamisi anatakiwa kuwa Dar, na hana njia. Nimesema hivyo kila kona. Nani alisikiliza mpaka mwisho?"

Watu wakatazama sahani zao.

"Lakini ulipiga tatu," akasema mwenyekiti.

Mzee akatazama mkono wake wa kulia. "Mkono wa mtu mzima unatetemeka," akasema. "Mnisamehe."

Wakamtengea sahani. Akasema ahsante, nimeshiba. Akapanda baiskeli akaenda.

Alhamisi mama mdogo alikuwa Dar, mimi na mkoba wangu pembeni yake. Mchele uliozidi mjomba aliuuza, na yule yule aliyeona haya kuomba alipita mlango kwa mlango kushukuru. Alipasuliwa. Dawa zilimnyoa nywele na nyusi. Kuna wiki nilidhani kweli zile kengele zitatimia, na nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote, nasema ukweli. Kisha ziliota nyusi. Tukarudi.

Watu waliamini habari ya mkono kutetemeka. Uzee, walisema, masikini, hata hesabu inampotea. Mimi sikuamini. Mkono ule niliuona ukibandika kiraka kwenye tyubu bila kuacha kipovu. Lakini niliporudi kutoka Dar sikumkuta barabarani. Nikaambiwa alipiga kengele tatu mara moja tu baada ya siku ile, kwa fundi seremala mmoja aliyefariki kweli, na baada ya hapo aliacha. Simu zimemmaliza, wakasema, siku hizi kila kitu kiko kwenye makundi. Akahamia kwa binti yake, kijiji cha Kisawasawa.

Miaka ikapita, nikiwa na maswali yangu mawili mfukoni. Mwaka huu baada ya mavuno mama mdogo akafungasha mchele mpya kwenye kiroba, akaniambia, "Mpelekee yule mzee wangu."

"Hali wali, mama."

"Najua hali. Mpelekee hivyohivyo. Sina kingine ninacholima."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda upande wa kivuli cha nyumba ya binti yake, amekonda, anachambua kamba za katani. Milima ya Udzungwa ilikuwa nyuma yake karibu kabisa. Kengele ilikuwa chini, imezuia mlango usijifunge kwa upepo. Niliitazama ndani, ulimi wake ameshautoa.

Nikamwamkia, tukaulizana habari, nikamweleza mama mdogo ni mzima. Nikashindwa kuvumilia. "Mzee wangu, ule mkono siku ile haukutetemeka."

"Haukutetemeka," akasema.

"Na wewe hutangazi uongo."

"Mdomo haukudanganya." Akavuta kamba, akaikata. "Kengele ndiyo iliyodanganya. Ndiyo maana nilipompigia yule seremala niliona watu wamesimama milangoni, wanasikiliza mpaka mwisho, wanataka kujua kama ni kweli. Nikajua kazi imekwisha. Kengele haidanganyi mara mbili, mara moja inatosha."

Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Ulikuwa unauliza habari ya wali," akasema. "Bado unataka?"

Akanieleza. Zamani alikaa kijiji kingine, hakukitaja, alisema watu wake walikuwa wema na hataki wasemwe. Mkewe aliumwa tumbo, likavimba, wakaambiwa ni kansa, apelekwe Dar mapema. Kuomba hajui. Akachukua kengele hiyohiyo akapita kijiji kizima, akapiga mbili, kama inavyotakiwa kwa mgonjwa. "Walinipa pole," akasema. "Pole nyingi. Walikuwa wanangoja kuvuna." Baada ya wiki sita akapita tena, akapiga tatu. Kijiji kilikuja chote. Mchele ulijaa chumba mpaka hapakuwa na pa kuweka kitanda.

"Maziko yakaisha, wakarudi kwao. Na kitu cha msiba hakirudi, unajua. Nikabaki na magunia. Niliula ule mchele miezi minne, mwanangu, mimi na binti yangu. Kila tonge najiuliza, huu ulikuwa wapi wiki sita zilizopita? Ulikuwepo. Ulikuwa kwenye vihenge vyao. Ulikuwa unangoja kengele ya tatu, na mimi sikuipiga. Ulipoisha sikuuweza tena."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, amejifuta mikono kwenye khanga. Nadhani alikuwa anaisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza kwa mdomo wa baba yake.

Nikakiangalia kile kiroba pembeni yangu na kuona aibu. Nikasema, "Mama mdogo alituma mchele. Nilimwambia huli. Nitaurudisha, si wa msiba, huu unarudi."

"Kaulima nani?"

"Mwenyewe."

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake. Wa kushoto haupandi juu ya bega, anapanda mpunga kwa wa kulia na kushika fungu kwa huo mwingine."

Akanyoosha mkono, nikamsogezea kiroba. Akafungua kamba, akachota konzi moja, akaisogeza puani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Injika sufuria," akamwambia.

Yule binti hakusogea. "Baba, ya ugali?"

"Ya wali."

Nikaanza kuinuka, nikidhani niwaache, ni jambo lao. Akanishika upindo wa khanga kama mtoto.

"Kaa," akasema. "Leo mimi si mfiwa, hata nile peke yangu nikitazamwa. Kaa tule, unihadithie anavyocheka."